Ukingoni mwa Ziwa Naivasha: Chekechea ya Samaki, Njia ya Viboko

Ukimuuliza mkazi wa Naivasha samaki wako wapi, mara nyingi atanyoosha mkono kuelekea katikati ya ziwa. Huko ndiko boti huenda, na huko ndiko samaki mkubwa wa sokoni hupatikana. Lakini samaki huyo hakuanzia huko. Alianza maisha yake ukingoni, kwenye maji ya magotini, kati ya mafunjo na nyasi zilizofunikwa na maji. Ukingo huohuo ndio kiboko hupitia kila jioni akienda malishoni, na kila alfajiri akirudi.

Somo la toleo hili linahusu ukanda huo mwembamba wa maji. Linamhusu mvuvi mwenye leseni na boti, kijana anayeingia ziwani kwa miguu usiku akiwa na kipande cha wavu na gunia, mgeni anayekuja na ndoano wikendi, na mzazi ambaye watoto wake huteka maji ufuoni. Masharti mengi ya uvuvi huonekana kama yamewekwa kwa ajili ya samaki peke yake. Hapa ukingoni, sharti linalomlinda kifaranga wa tilapia ndilo linalomrudisha mvuvi nyumbani akiwa mzima.

Ziwa ni la nani?

Tuanze na swali ambalo huulizwa katika karibu kila baraza la wavuvi. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 62, inahesabu mito, maziwa na sehemu nyingine za maji kuwa ardhi ya umma. Ardhi ya aina hiyo inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Mwenye hoteli, mwenye shamba la maua na mwenye nyumba ya mabati Karagita wote hawamiliki maji ya Ziwa Naivasha, na wote wana haki sawa juu yake.

Shughuli za uvuvi zimegawanywa. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti kazi ya uvuvi, nayo serikali ya kitaifa ikabaki na ulinzi wa mazingira na rasilmali za samaki kwa jumla. Sheria kuu ni ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Katika kila ufuo rasmi kuna BMU, yaani kitengo cha usimamizi wa ufuo, ambacho wanachama wake ni wavuvi, wenye boti, wachuuzi na watengenezaji wa vyombo. Kanuni za BMU zilitolewa mwaka 2007. Kwa hivyo mama anayenunua samaki Kamere na kuwauza mjini ana nafasi ya kupiga kura katika BMU sawa na mwenye boti, mradi amejiandikisha. Wengi hawajiandikishi, kisha hulalamika kwamba maamuzi hufanywa bila wao.

Kuna malalamiko moja ambayo ni ya haki na hayafai kufichwa. Ziwa ni la umma, lakini sehemu kubwa ya ardhi inayolizunguka ni ya watu binafsi, na vijia vya umma vya kufika majini ni vichache. Ukiona kijia kimefungwa kwa ua au ufuo umemegwa, usikate ua usiku. Piga picha, andika tarehe na mahali, kisha peleka malalamiko kwa chifu, afisi ya ardhi ya kaunti au Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na udai nakala iliyopigwa muhuri. Jambo lisilo na karatasi ni rahisi kusahaulika.

Chekechea

Samaki wengi tunaowala kutoka Naivasha ni wageni. Besi aliletwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Aina mbili za tilapia zikafuata katika miaka ya 1950, kamba wa maji baridi kutoka Marekani mwaka 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaonekana kapi, ambaye inaaminika alitoroka kwenye mabwawa ya wafugaji na kuteremka na mto Malewa. Tilapia wa Nile aliletwa upya kuanzia mwaka 2011. Samaki mdogo wa asili aliyekuwa akiishi ziwani humu kabla ya wote hao hajaonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wageni hao wote wanategemea ukingo, ila kila mmoja kwa namna yake. Tilapia wa Nile dume huchimba kiota cha duara, mfano wa sahani, kwenye sakafu ya maji ya kina kifupi. Jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai na kuyaweka kinywani. Hubeba mayai mia kadhaa, na jike mkubwa huweza kubeba zaidi ya elfu moja. Mayai huanguliwa mlemle kinywani, na vifaranga hubaki humo hadi waweze kujitegemea, muda wa takriban wiki mbili kwa jumla. Muda huo wote mama hula kidogo sana au hali kabisa. Vifaranga wanapoachwa hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye joto, wakijificha kati ya mimea.

Sasa fikiria kokoro lililoburutwa mahali hapo, au chandarua cha mbu kilichofungwa kwenye vijiti viwili. Huondoa majike wenye mayai kinywani, huvunja viota na kuzoa vifaranga ambao hata paka hawezi kushiba kwao. Aliyevuta atapata labda mlo mmoja. Miezi kadhaa baadaye, mwenye boti atatoka usiku kucha na kurudi na ndoo nusu, naye atalaumu mashamba ya maua, magugumaji au jirani. Mashamba na magugumaji yana lawama yake, lakini si kwa kila kitu.

Kapi ana uvumilivu zaidi. Jike mkubwa hutaga mayai kwa laki, nayo hunata kwenye nyasi na mimea iliyofunikwa na maji. Kwa sababu hiyo, ndani ya miaka michache tangu aonekane, kapi alikuwa ndiye samaki mwingi zaidi katika mizani ya fuo za Naivasha. Hata hivyo, nyasi zikikanyagwa na mafunjo yakikatwa au kuchomwa, hata huyu mvumilivu hukosa pa kutagia.

Wazee wa fuo watakumbuka mwaka 2001. Samaki walipungua hadi uvuvi wa biashara ukasimamishwa kwa takriban mwaka mzima. Familia zilizotegemea ziwa zililipia kufungwa huko kwa karo na kodi za nyumba. Kulinda maji ya kina kifupi kila siku ni nafuu kuliko kufunga ziwa zima tena.

Pima wavu wako

Kwa miaka mingi kipimo cha chini cha jicho la wavu wa kutegesha Naivasha kimekuwa milimita 100, yaani takriban inchi 4. Kabla ya kununua wavu mpya, uliza afisa wa uvuvi au BMU kama kuna mabadiliko yoyote, maana muuzaji wa dukani hapotezi chochote akikuuzia wavu utakaochomwa.

Namna ya kupima ni rahisi, na haihitaji zaidi ya utepe wa fundi cherehani. Lowesha wavu kwanza. Shika fundo mbili zinazotazamana za jicho moja, livute hadi lifungike na nyuzi zigusane, kisha upime kutoka fundo hadi fundo. Rudia kwa macho kumi katika sehemu mbalimbali za wavu, kwa sababu wavu uliotumika sana huvutika mahali na kunywea mahali. Ukipima upande mmoja tu wa jicho likiwa wazi, utapata nusu ya kipimo. Ubishi mwingi ufuoni wakati wa ukaguzi hutokana na kosa hilo dogo.

Kwa nini inchi 4? Jicho la ukubwa huo humwacha samaki mdogo apite ili apate kuzaa walau mara moja. Kuna jambo jingine ambalo wavuvi wameliona kwa macho yao hata kama hawajalisoma: mahali ambapo tilapia huvuliwa kupita kiasi, wanaobaki huanza kubeba mayai wakiwa wadogo kama kiganja. Usidhani ukubwa huo ndio maumbile yao. Ni dalili kwamba wakubwa wameisha.

Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile zinazong'aa kama uzi wa ndoano, zimepigwa marufuku nchini. Hazionekani majini, haziozi, na zikikatika huendelea kunasa samaki na ndege kwa miaka bila kumnufaisha yeyote. Kutumia sumu, baruti au umeme ni kosa pia, na samaki wa sumu anaweza kumdhuru anayemla. Ukiona wavu wa mtu umekwama majini, usiuache na usijigeuzie mali yako. Upeleke kwa BMU.

Mgeni wa ndoano naye ana wajibu. Anahitaji leseni, ambayo huelekezwa na afisi ya uvuvi, na anapaswa kutumia ufuo unaoruhusiwa. Uzi uliokatika aende nao nyumbani, kwa maana mwari na ndege wengine hunaswa nao miguuni. Akimrudisha samaki mdogo majini, alowe mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu hutoa ute unaomkinga samaki dhidi ya magonjwa. Asihamishe samaki hai wala kamba kutoka ziwa moja hadi bwawa au mto mwingine. Historia ya kapi imetosha.

Kiboko na saa zake

Kiboko dume aliyekomaa huweza kuzidi tani moja na nusu. Kwa umbali mfupi hukimbia kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa saa, na hakuna kijana wa Naivasha atakayemshinda akiwa amevaa gambuti na amebeba gunia la samaki. Hali nyama na hamwindi mtu. Anachotetea ni njia yake ya majini, mtoto wake na eneo lake.

Mchana hukaa majini, mara nyingi kwenye kina kifupi ambapo miguu yake inagusa chini. Jua likizama, mwendo wa saa kumi na mbili jioni, huanza kutoka kwenda malishoni. Hurudi kabla ya mapambazuko. Ukitazama saa hizo utaona zinalingana kabisa na saa za mvuvi wa miguu anayewakwepa maafisa wa doria. Anajificha doria na kujipeleka kwa kiboko. Akiwa ndani ya mafunjo, maji kiunoni, mikono yote miwili ikiwa kwenye wavu, haoni mbele wala hawezi kugeuka upesi. Akisimama katika kijia cha kiboko, amesimama kati ya mnyama huyo na maji, na hapo ndipo pa hatari kuliko pote.

Mchana, jifunze kuzisoma dalili. Njia ya kiboko ni kama handaki lililopasuliwa kwenye mafunjo, pana kuliko njia ya ng'ombe, yenye mifereji miwili iliyokanyagwa na kuacha tuta katikati. Unyayo wake una vidole vinne. Kinyesi hutapanywa kwa mkia hadi kwenye majani ya vichaka, kwa hivyo kinyesi kibichi kikiwa juu ya majani, mwenyewe hayuko mbali. Akiwa majini huonekana masikio, macho na pua tu, na huweza kuzama kwa dakika kama tano. Akipiga mwayo mkubwa akikutazama, usidhani ana usingizi. Anakuonyesha meno.

Ukiwa kwenye boti, usipite kati ya kiboko na kina kirefu, wala kati ya mama na mtoto. Ukikaribia mafunjo, gonga ubavu wa boti mara kwa mara ili walio chini wajitokeze na uwaone. Wakijitokeza, zunguka mbali. Ukiwa nchi kavu, usimrushie mawe, usimwekee tochi machoni ili upate video, na usikimbilie majini. Ondoka pembeni, umwachie njia ya kwenda ziwani, na ujiweke nyuma ya mti mkubwa au ukuta.

Watoto wasitumwe kuteka maji baada ya jua kuzama. Maneno haya tumeyaandika mara nyingi, na tutaendelea kuyaandika.

Ikitokea mtu ameuawa au kujeruhiwa, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha linaloleta ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Toa ripoti mapema kwa KWS na kituo cha polisi, na utunze kila karatasi ya hospitali. Familia nyingi huchelewa kwa sababu stakabadhi ziliachwa wodini au kwa daktari. Hata zikikamilika, malipo huchukua muda mrefu, na hakuna kiasi kinachojaza nafasi ya baba mezani.

Upepo wa alasiri

Asubuhi ziwa huwa shwari. Kuanzia adhuhuri upepo huinuka, na mawimbi ya alasiri huweza kujaza maji kwenye boti ndogo iliyobebeshwa kupita kiasi. Panga kuwa ufuoni kabla ya upepo, na kama umechelewa, elekea ufuo ulio karibu hata kama si wako. Samaki watapimwa popote.

Tangu maji yalipopanda sana mwaka 2020 na kufukuza watu katika mitaa kama Kihoto, chini ya maji pana vitu ambavyo havikuwepo: nguzo za ua, seng'enge, mashina ya migunga, hata vyoo vya zamani. Nguzo hupasua boti, seng'enge hunasa wavu na mguu. Unayedhani unaujua ukingo kwa kuwa ulikulia hapo, unaujua ukingo wa zamani. Na maji yaliyopita juu ya vyoo si ya kunywa bila kuchemshwa wala ya kuoshea samaki wa kuuza.

Magugumaji nayo hutembea. Upepo ukigeuka, zulia la magugu huweza kufunga mlango wa ufuo au kuzingira boti iliyozima injini. Usishuke kulikanyaga ukidhani litakubeba. Baki botini, piga simu, ngoja msaada.

Jaketi la kuokoa maisha livaliwe likiwa limefungwa. Lililokaliwa kama mto wa kiti halimwokoi mtu. Kama bado unachanga pesa za kununua, walau uwe na mtungi wa lita 20 mtupu, uliofungwa kifuniko na kufungwa kamba ndani ya boti. Hautoshi badala ya jaketi, lakini umewashikilia wengi juu ya maji. Simu iwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Na mwambie mtu wa nchi kavu unaelekea upande gani na utarudi saa ngapi. Pombe iachwe ufuoni, na ni heri iachwe hadi kesho yake.

Akizama mtu

Usimrukie. Anayezama hushika chochote, na wawili hufa mahali pa mmoja. Mnyooshee kasia, kamba au tawi, au mrushie mtungi.

Akitolewa, mlaze chali mahali tambarare, uinue kidevu ili njia ya hewa ifunguke, na uangalie kama anapumua. Usimning'inize miguu juu kichwa chini, na usimkamue tumbo ili atapike maji. Desturi hiyo imeenea katika fuo zetu na hupoteza dakika ambazo hazirudi. Aliyezama amekosa hewa, basi mpe hewa: mzibe pua, mpulizie kinywani mara tano huku ukiona kifua kikiinuka, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu, pumzi mbili, mara 30 tena, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Mtu mwingine apige 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Akizinduka, mvue nguo zilizolowa na umfunike, kwa maana baridi ya Naivasha usiku huua pia. Apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

Samaki wanaoelea

Februari 2010 samaki wengi walielea wakiwa wamekufa Naivasha, na hali kama hiyo inaweza kutokea tena oksijeni ikipungua majini. Samaki aliyeokotwa akielea asiliwe wala asiuzwe, hata kama macho yake bado yanang'aa. Ripoti siku hiyohiyo kwa BMU au afisi ya uvuvi, ukitaja mahali na saa, ili sampuli zichukuliwe kabla hazijaoza.

Kwa vijana wanaovua kwa miguu

Tunajua hamuingii usiku kwa sababu mnapenda baridi. Boti na wavu halali ni pesa nyingi, na leseni za boti haziwezi kutolewa bila kikomo katika ziwa lenye kikomo. Lakini boti yenye leseni huhitaji mabaharia, ufuo huhitaji wapaa samaki, wapakiaji, watengeneza nyavu na walinzi, na wote hao huandikishwa na BMU. Nendeni mkiwa na vitambulisho katika fuo za Kamere, Karagita, Central au Tarambeta, asubuhi samaki wakipimwa, wakati viongozi wa BMU huwa mizanini. Asiye na kitambulisho aanzie kwa chifu. Atakayekataliwa bila kupewa sababu apeleke jina lake na jina la ufuo kwa afisi ya uvuvi ya kaunti ndogo ya Naivasha.